Matatu Mbili: Tarehe ya Mafundi wa Gemu

Anayetaka kuandika tarehe ya mafundi wa gemu Afrika Mashariki hana budi kuanza na binti asiyekuwepo. Jina lake Nyangi, binti wa Kikenya anayezunguka kutafuta vitu vya kale vya Afrika, na aliyemuumba ni Wesley Kirinya wa Nairobi, kijana aliyejifundisha mwenyewe. Adventures of Nyangi ilitoka mwaka 2007, kwa kompyuta.

Soko lilikuwa wapi? Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuja kuwashwa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kupakua gemu nzima ilikuwa kazi ya kukesha. Vijana walikuwa vibandani, wamekodi PlayStation, wakicheza mpira wa Ulaya. Mwaka huohuo wa 2009 Kirinya aliungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, mguu mmoja Accra, mwingine Nairobi.

Kilichowafikia watu hasa ni simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 studio ya Planet Rackus, Nairobi, ilitoa Ma3 Racer kwa simu za Nokia. Unaendesha matatu, basi dogo la abiria, mjini, unakwepa magari na watu. Hiyo 3 haikuwekwa kwa urembo: wazee husema matatu ilipata jina kwa nauli ya sarafu tatu, na abiria wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa.

Vuka Busia uingie Uganda, na matatu ni karata. Kila mtu hugawiwa saba. Ukitupa mbili, anayefuata anaokota mbili. Ukitupa nane au J, zamu yake inarukwa. Ukitokea na saba ya aina ileile ya karata iliyofunuliwa mwanzoni, umekata mchezo: watu wanahesabu alama mkononi, mwenye chache anashinda. Kola Studios ya Kampala iliutia mchezo huu kwenye simu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika tarehe hii. Sheria zilikuwa vichwani mwa watu tayari, na picha za karata hazili bando.

Wengine walitaka makubwa. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya bunduki ambamo viumbe wa sayari nyingine wanauvamia mji. Mwaka 2022 studio kumi za nchi mbalimbali zilijiunga kuwa Pan Africa Gaming Group, miongoni mwao Usiku Games ya Nairobi na Khanga Rue ya Tanzania.

Lakini sijui mwanzo mgumu kuliko wa Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipotaka kompyuta, mama yake alidunduliza miaka mitatu hadi zikatimia dola 300. Ikaja laptop, umeme hakuna. Lual akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji kwenye kafe ya intaneti. Huko ndiko alikojifunza, na gemu yake akaiita Salaam, ya watu wanaokimbia vita. Mwaka 2018 ilimfikisha kwenye The Game Awards, Los Angeles, akatuzwa.

Ukiwatazama wote hawa utaona karibu kila mmoja alianza upya, kana kwamba hakutanguliwa na mtu. Sababu mojawapo ni kwamba kazi za waliotangulia hazionekani. Kitabu cha 2007 utakipata maktabani. Gemu ya 2007 inahitaji mashine yake. Duka la Nokia la mtandaoni lilifungwa kitambo, na simu zenyewe zimeishia kwa mafundi, zimetolewa vipuri. Wewe mwenye Nokia ya zamani kabatini, yenye Ma3 Racer ndani, tafadhali usiitupe.