Gharama za kununua na kuuza nyumba (Kenya)

Gharama za kununua na kuuza nyumba ni malipo yanayoambatana na uhamisho wa umiliki, nje ya bei yenyewe. Nchini Kenya, mzigo mkubwa wa mnunuzi ni ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya shilingi milioni 8 jijini Nairobi hudai shilingi 320,000, na mkopo wa benki kwa kawaida haugharimii fedha hizo. Thamani hukadiriwa na mthamini wa serikali. Akiiona nyumba kuwa ya bei kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye mkataba, ushuru hufuata makadirio yake. Kwa hiyo ni busara kutenga akiba ya ziada.

Kuna pia ada ya wakili, ada ya usajili na ada ya upekuzi wa hatimiliki. Upekuzi ni malipo madogo yasiyofaa kukwepwa kamwe, kwani ndio hufichua rehani au zuio la mahakama kabla amana, aghalabu asilimia 10 ya bei, haijalipwa.

Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Makazi aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza yamesamehewa. Hulipa pia kamisheni ya dalali na malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti, ambayo yasipolipwa uhamisho hukwama.