Jasho la Mtoto: Kisa cha Jackie Coogan

Mzazi anayetaka mtoto wake awe mwigizaji humtafutia kwanza mwalimu na mwongozaji. Katika insha hii ninadai kwamba historia inamtaka aanze na akaunti ya benki.

Jackie Coogan alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1914, katika familia ya wasanii. Charlie Chaplin alimwona jukwaani, akamwigizisha katika filamu ya The Kid iliyotoka mwaka 1921. Mtoto akawa nyota na kuingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima, alikuta fedha nyingi zimekwisha kutumiwa. Mwaka 1938 aliwashtaki mama yake na baba yake wa kambo, akaambulia takriban dola 126,000 tu, kwa kuwa sheria ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya mzazi.

Kesi hiyo ilizaa sheria ya California ya mwaka 1939. Hata hivyo, sheria hiyo iligusa tu mikataba iliyoidhinishwa na mahakama. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 ndiyo yaliyotamka kwamba mapato ni ya mtoto mwenyewe, na kwamba asilimia 15 iwekwe akiba.

Mwanya huo ulichukua miaka 61 kuzibwa. Utoto haungoji kiasi hicho. Mzazi amfungulie mtoto akaunti kabla ya kutia saini mkataba wa kwanza.