Maandamano ya Ekaristi

Maandamano ya Ekaristi ni ibada ya Kanisa Katoliki ambamo hostia iliyowekwa wakfu hutembezwa barabarani ndani ya monstransi, yaani chombo cha kuionyeshea, hasa kwenye sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Sherehe hiyo ilianzia Liège mwaka 1246, kwa juhudi za Mtakatifu Juliana, na Papa Urbano IV akaiagiza kwa Kanisa zima mwaka 1264. Maandamano yenyewe yalishamiri katika karne ya 14. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, aliyapinga. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ukayatetea mwaka 1551, na tangu hapo kuandamana kukawa pia kutangaza msimamo wa Kikatoliki.

Padri huishika monstransi kwa ncha za kitambaa kinachofunika mabega yake, si kwa mikono mitupu: anayebariki watu kwa monstransi hiyo ni Kristo, padri ni mchukuzi tu. Mbele yake hufukizwa ubani, na katika parokia nyingi za Tanzania watoto humwaga maua njiani, huku WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wakivaa vitenge vya sare.

Kijamii, msafara huu haukuwa wa usawa kila mara. Katika miji ya Ulaya ya zama za kati, vyama vya mafundi viligombea nafasi iliyo karibu na Ekaristi, kwa kuwa ukaribu huo ulionyesha hadhi ya chama.