Mwenda wa Bayeke mbele ya kipaza sauti: mazoezi na ubunifu wa papo hapo

Mnamo mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Jadotville, mji uitwao leo Likasi, usio mbali na Lubumbashi. Huko alirekodi kijana wa miaka 22 hivi, mzaliwa wa Bunkeya, aitwaye Mwenda Jean Bosco. Kipande kimoja, Masanga, kilipata Tuzo ya Osborn, na santuri zake zikaenea kutoka Katanga hadi Afrika Mashariki.

Mazingira ya kazi hiyo hayakuwa mepesi. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika 3 hivi tu kila upande. Ndani ya muda huo mpigaji alipaswa kuanza, kuukuza wimbo na kuufunga. Tena Tracey alikuwa na desturi ya kushika kipaza sauti kwa mkono wake, karibu kabisa na mpigaji. Kosa dogo halikuwa na pa kujificha.

Aghalabu husemwa kwamba wapiga gitaa wa Katanga walikuwa na kipaji cha kuzaliwa, wakabuni tu papo hapo. Sifa hiyo ina kasoro: inawanyang'anya jasho lao. Katika miaka ya 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa ubunifu wa Mwenda, akiziandika kwa noti rekodi zake. Uchambuzi huo unadhihirisha mpango. Kuna vifungu vifupi vinavyozunguka, gumba likipiga nyuzi nene na kidole cha shahada nyuzi nyembamba. Kila kifungu kirudipo, jambo fulani hubadilika: sauti moja, mkazo, au mpangilio wa mapigo. Msingi, hata hivyo, hubaki.

Hapa mfano wa lugha unasaidia. Msemaji hodari hakariri sentensi zote atakazozisema sokoni au barazani; amemiliki kanuni za kuziunda. Akikatizwa, hutafuta njia nyingine ya kulisema lile lile. Kadhalika Mwenda hakumiliki wimbo mmoja tu, bali namna nyingi za kuupiga. Umilisi wa aina hiyo haupatikani pasipo mazoezi marefu.

Saikolojia ya muziki inaeleza faida yake. Anayekariri wimbo kama mnyororo hutegemea kila pete kuivuta inayofuata. Hofu ikimfanya aanze kuvichunguza vidole vyake, pete moja hukatika, naye hana budi kurudi mwanzo. Mwaka 2002 Roger Chaffin na wenzake, akiwamo mpiga piano Gabriela Imreh, walichapisha uchunguzi wa namna Imreh alivyojifunza sehemu ya mwisho ya Italian Concerto ya Bach. Ilionekana kwamba katika mazoezi alijiwekea alama akilini, hasa kwenye mianzo ya vifungu, ili aweze kuushika tena muziki kokote atakapoteleza. Muziki wa Mwenda una alama hizo katika umbo lake lenyewe: kila mzunguko ni mlango wa kuingilia upya. Tofauti ni kwamba Imreh alilinda maandishi ya Bach, ilhali Mwenda alikuwa huru kuligeuza teleza kuwa tofauti mpya.

Uhuru huo ulisafiri naye. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1988 alirekodi tena mjini Cape Town, kabla ya kufariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Basi kubuni papo hapo si kinyume cha kujitayarisha. Ni tunda lake. Mwanafunzi wa gitaa au wa kwaya anayeanza daima mwanzoni, na kupita njia ile ile kila siku, anajifunza njia moja tu. Afadhali aanzie pia katikati, abadilishe vifungu, apige mbele ya wenzake wachache, na akikosea aendelee bila kusimama. Siku ya hadhara ikifika, hataomba asiteleze. Atajua pa kukanyaga akiteleza.