Kutoka Ngamia hadi Treni ya Kasi

Wazee wetu wa pwani walishuka melini Jeddah, wakaenda Makka kwa ngamia. Reli ya Hijazi kutoka Damascus ilifika Madina mwaka 1908, haikufika Makka; vita vya 1914 hadi 1918 vikaivunja. Mwaka 2011 Saudia ilichagua makampuni ya Kihispania na ya Kisaudia, ikawaacha Wafaransa. Zikaja treni 35 za Talgo. Tangu Oktoba 2018 zinabeba abiria baina ya Makka na Madina kupitia Jeddah, hadi kilomita 300 kwa saa. Lakini sisi wa Riyadh, tukitaka kwenda kuwaona ndugu zetu Jeddah, ni basi au ndege. Hujaji amepata reli. Mfanyakazi bado anangoja.