Maswali Manne Kabla ya Kulipa Kiwanja

Vitabu vya kumfundisha kijana kununua nyumba ya kwanza hufanana sana. Weka akiba kila mwezi, vinasema, nenda benki na malipo ya awali, chukua mkopo wa miaka ishirini, saini, pokea funguo. Vingi nilivyosoma vimeandikwa Marekani au Uingereza, na humo nyumba imeshasimama: ina paa, ina namba, ina jina la mtu kwenye daftari la serikali. Kazi ya mnunuzi ni kutafuta fedha.

Dar es Salaam, watu wengi ninaowajua hawajawahi kununua nyumba. Walinunua kiwanja. Wakapandisha msingi, wakasubiri. Wakafika kwenye linta, wakasubiri tena. Wengine walihamia kabla ya dari na plasta, ili waache kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hata lugha yetu inalijua hilo: mtu akifanikiwa tunasema "amejenga". Kwa hiyo anayetaka kumfundisha kijana wa hapa aanze na ardhi, maana fedha nyingi hupotelea hapo kabla hata tofali moja halijafyatuliwa.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na utafiti wangu unahusu ugawaji wa viwanja katika jiji hili. Kwa karibu mwaka mmoja nimekuwa nikikutana Jumamosi na kikoba kimoja cha vijana huko Mbagala: walimu wawili wa shule ya msingi, fundi simu, mshonaji, na waendesha bodaboda watatu. Waliniomba niwafundishe mambo ya msingi ya kununua kiwanja. Siku ya kwanza nilianza na mwaka 1895, na mshonaji akanikatiza. "Mwalimu, muuzaji anataka hela yake Jumatatu. Hiyo historia itanisaidia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na sikulijibu vizuri siku hiyo. Nimelijibu kidogo kidogo tangu hapo, kwa maswali manne. Kila moja ni swali la kumuuliza muuzaji, na kila moja lina mwaka wake wa kuzaliwa.

La kwanza: ardhi hii ni ya nani?

Mnamo Novemba 1895 Wajerumani walitoa amri iliyoifanya ardhi ya koloni kuwa mali ya dola yao, isipokuwa pale mtu alipoweza kuthibitisha haki yake. Mzigo wa kuthibitisha ukamwangukia mwenyeji, na karatasi zilitolewa na ofisi ya mgeni. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mtu alipewa haki ya kuikalia kwa muda, usiozidi miaka 99. Baada ya uhuru ungetegemea mambo yageuke. Yaligeuka kwa sehemu: mwaka 1963 umiliki wa kudumu waliokuwa nao wachache, wengi wao walowezi na makampuni, uliondolewa na kuwa umiliki wa muda. Lakini mfumo wenyewe ulibaki. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Kwa hiyo kisheria hakuna anayekuuzia ardhi. Anakuuzia haki ya kuitumia, yenye muda na masharti. Muulize imebaki miaka mingapi kati ya ile 33, 66 au 99. Muulize kiwanja kilipangiwa matumizi gani: makazi, biashara, au eneo la wazi ambalo mtu amelikata vipande usiku. Muulize risiti za kodi ya pango la ardhi, maana deni lake halifutiki kwa sababu wewe ni mgeni.

Uliza pia kuhusu hifadhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Serikali ilisema zimo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Ukoo wa kipimo hicho unarudi kwenye sheria za barabara za tangu ukoloni. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa wameishi pale miongo, wana luku ukutani na bomba uani. Fundi simu wetu alishangaa sana kusikia hivyo. Alikuwa akiamini kwamba serikali ikikufikishia umeme imekutambua. Imekutambua kama mteja wa umeme.

La pili: nani alikigawa?

Kabla ya uhuru, jiji liligawanywa kwa kanda. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa karibu na bahari, uhindini maduka na maghorofa, na Waafrika walipangiwa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi walishika viwanja kwa vibali vya muda mfupi. Tena kulikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kudai deni lake mahakamani. Walioitunga walisema inamlinda mwenyeji na madeni. Ilimfungia pia mlango wa mkopo wa kujengea.

Watu hawakukaa wakisubiri. Walijenga ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na kodi ya wapangaji ikanunua bati linalofuata. Nikiwaeleza vijana wa kikoba hili, huwa wanatabasamu. Wengi wamezaliwa ndani ya chumba kimoja cha nyumba kama hiyo.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa Viwanja na Huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja, vikawekewa barabara na maji, kisha wananchi wakaachiwa kujenga wenyewe. Manzese, iliyokuwa imeshajaa watu, iliboreshwa ilipokuwa. Mwaka 2002 ukaja mradi mwingine, wa viwanja 20,000. Lakini jiji lilikua haraka kuliko wapimaji. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kwenye mashamba ya watu, yaliyokatwa na wenyewe, yakauzwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na baadaye mbele ya serikali ya mtaa.

Kutokana na historia hiyo tuna karatasi za aina nyingi, na wauzaji huziita zote "hati". Hatimiliki hutoka kwenye kiwanja kilichopangwa, kikapimwa na kusajiliwa. Barua ya toleo ni ahadi ya serikali kwamba umegawiwa kiwanja, ikiwa utatimiza masharti. Leseni ya makazi ilianza kutolewa Dar es Salaam miaka ya 2000 kwa waliojenga maeneo yasiyopimwa. Ni ya miaka michache na huhuishwa. Na kuna hati ya mauziano, karatasi mnayoandikishana ninyi wawili na mashahidi, ikagongwa muhuri wa mtaa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza vijana wengi. Muhuri wa mtaa unaonyesha kwamba siku fulani ulionekana ukimlipa mtu fulani. Kama mtu huyo alikuwa na haki ya kuuza, muhuri hauwezi kujua. Kiwanja kikiwa kimesajiliwa, jibu lipo kwa Msajili wa Hati: unapeleka namba ya hati, unalipa ada ndogo, unafanyiwa upekuzi, unapewa jibu la maandishi linaloonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Kisiposajiliwa, inabaki kazi ya miguu: kuzungumza na majirani wa pande zote nne, wazee wa eneo, na ofisi ya mipango miji ya halmashauri.

Mshonaji alimwomba muuzaji wake namba ya kiwanja. Muuzaji akasema kina hati, lakini hati iko kwa mwanasheria, na mwanasheria amesafiri. Akaomba nakala, akaambiwa wateja wengine hawana maswali mengi hivyo. Hakulipa Jumatatu ile. Miezi miwili baadaye kiwanja kiliuzwa kwa mtu mwingine, ambaye sasa ameshapandisha msingi na hakuna aliyemgusa. Mshonaji amelipa tena kodi ya miezi sita. Wenzake wawili bado wanamwambia alichelewa, na mimi sina ushahidi wa kuwakatalia. Ninachojua ni kwamba pesa ile ilikuwa akiba yake ya miaka minne.

La tatu: nani mwingine ana haki hapa?

Mwaka 1971 zilipitishwa sheria mbili zilizogusa nyumba. Ya kwanza inakumbukwa na kila mzee wa mjini: serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya raia wenye asili ya Kiasia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Baadaye, mwaka 1990, yaliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ya pili ni Sheria ya Ndoa. Haikuitikisa mitaa ya Upanga, lakini kwa mnunuzi wa leo ina uzito kuliko ya kwanza: mwenzi mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikalitilia nguvu jambo hilo.

Mmoja wa walimu wetu analijua kwa uchungu. Shemeji yake alinunua banda na kiwanja kutoka kwa mzee mmoja mpole, mashahidi wanne, muhuri juu. Wiki ya pili akaja mama na watoto watatu, na cheti cha ndoa mkononi. Mzee alikuwa ameshaenda kijijini na fedha. Kesi imeanza mwaka wake wa tatu. Siku hizi mwalimu huyo ndiye anayeuliza kwanza: "Ana mke? Ana wake wangapi? Wamesaini?" Na kama mali ni ya marehemu, anataka kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hakimtoshi.

La nne: fedha inatoka wapi?

Hapa ndipo vile vitabu vya ng'ambo vinapoanzia. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyo hasa. Ilifungwa mwaka 1995. Kwa zaidi ya muongo mmoja mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mahali pa kuomba mkopo wa muda mrefu wa nyumba. Mwaka 2008 ikaja sheria ya mikopo ya rehani za nyumba, pamoja na sheria iliyowezesha mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo la ghorofa, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Kizazi cha wazazi wetu kilijenga katika pengo hilo, kwa mshahara, vikoba na mifuko ya saruji iliyonunuliwa mmoja mmoja. Zile nondo zinazochungulia juu ya kuta za Dar es Salaam ndiyo rehani waliyoijua.

Leo mkopo upo, kwa aliye na kipato kinachothibitika na hatimiliki ya kuweka dhamana. Lakini hesabu ifanywe kabla ya kusaini. Tuchukue mfano: shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Ukilipa kwa miaka 20, kila mwezi ni kama shilingi 395,000, na jumla utakuwa umelipa karibu milioni 95. Ukilipa kwa miaka 10, kila mwezi ni kama 484,000, na jumla ni milioni 58 na kidogo. Tofauti ya shilingi 89,000 kwa mwezi inaokoa karibu milioni 37. Tulipoandika namba hizo ubaoni, waendesha bodaboda watatu waliacha simu zao.

Kidato cha pili tulikariri Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, na majina ya mataifa yaliyokaa mezani. Hakuna aliyetuonyesha barua ya toleo, wala kutuambia kwamba neno "toleo" lenyewe limebeba uamuzi wa zamani kuhusu nani hutoa na nani hupokea. Somo hilo lingechukua vipindi viwili. Kungehitajika nakala ya hati moja, ramani ya mtaa wa shule, na mzee mmoja wa jirani anayekumbuka palikuwa na shamba la nani kabla ya nyumba. Wanafunzi wangekwenda nyumbani na kuuliza, na nadhani wazazi wengi wangefungua sanduku, watoe karatasi iliyokunjwa mara nne, na kuisoma kwa makini kwa mara ya kwanza.