Walimu Kufundishana: Redio, Stensili na Simu katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya elimu katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani ukanda unaoanzia Iringa na Njombe na kupitia Mbeya hadi mipaka ya Malawi na Zambia, huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu majengo na wanafunzi, na kwa miaka ya karibuni kwa kuhesabu kompyuta na simu zilizofikishwa shuleni. Hesabu hizo zina umuhimu wake, lakini huacha nje jambo ambalo bila hilo vyombo vyenyewe visingefanya kazi yoyote, nalo ni desturi ya walimu kukaa pamoja, kusomeshana, kusahihishana na kuazimana zana. Desturi hiyo huonekana vizuri zaidi katika ngazi ya kata, ambako shule chache jirani huwa chini ya afisa elimu mmoja na walimu wake hufahamiana kwa majina. Kata ya Ilomba, iliyo ndani ya Jiji la Mbeya kando ya barabara kuu iendayo Zambia, katika nchi iliyokuwa ya Wasafwa na ambayo sasa inakaliwa pia na Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na wengine wengi, ni mfano mzuri wa kata za namna hiyo.

Chombo cha kwanza kilichowaunganisha walimu waliokuwa mbalimbali kilikuwa gazeti. Wakati wa utawala wa Wajerumani shule ya serikali ya Tanga ilichapisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, na chini ya Waingereza Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923, gazeti la kila mwezi ambalo wasomaji wake wakubwa, na waandishi wake wengi wa barua na mashairi, walikuwa walimu na makarani. Kwa mwalimu aliyefundisha peke yake katika shule ya kijiji kule Rungwe, ambako wamisionari wa Moraviani walifika mwaka 1891, gazeti lililofika likiwa limechelewa wiki kadhaa lilikuwa ushahidi kwamba kazi yake ilifanywa pia na wenzake wa Tabora, Bukoba na Lindi. Katika muongo huohuo, mwaka 1925, Kenya ilifungua chuo cha Jeanes huko Kabete kwa kufuata mfano wa shule za Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, ili kuandaa walimu wa kuzunguka, yaani walimu wazoefu waliokwenda shule hadi shule kuwasaidia wenzao. Fikra hiyo ya mwalimu kumfuata mwalimu mwenzake mahali pake pa kazi haikupotea, na baada ya uhuru ilirudi Tanzania kwa sura mpya.

Ilirudi kupitia MTUU, mpango wa pamoja wa Tanzania, UNICEF na UNESCO wa miaka ya 1970, ambao ulikusudia kuipa shule ya msingi mwelekeo wa Elimu ya Kujitegemea kama Mwalimu Nyerere alivyoueleza mwaka 1967. Chini ya mpango huo vyuo vya ualimu vilipewa wakufunzi wa kuzunguka, ambao walipeleka mbinu mpya za kufundishia hadi kwenye shule za vijiji badala ya kuwangoja walimu waje chuoni. Wakati huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikijaribu redio kwa kiwango ambacho nchi chache duniani zilithubutu kukifikia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kwa ajili hiyo. Siri ya kampeni hiyo ilikuwa kikundi. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Sauti iliyotoka Dar es Salaam ilianzisha mazungumzo tu, na kazi iliyobaki ikafanywa na watu waliokaa pamoja chini ya mti au darasani.

Somo hilo lilihitajika mapema kuliko wapangaji wa elimu walivyotazamia. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, iliyokutana Musoma, iliagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Agizo hilo lilimaanisha kwamba nchi ilihitaji walimu wapya makumi ya maelfu ndani ya miaka mitatu, idadi ambayo vyuo vilivyokuwepo, hata kama vingefanya kazi usiku na mchana, visingeweza kuitoa. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwaweka shuleni mara moja wafundishe madarasa ya chini, na kuwapa ualimu wakiwa kazini kwa muda wa miaka mitatu. Asubuhi kijana alifundisha, na mchana alikaa na wenzake wachache kusoma masomo yaliyofika kwa posta, kusikiliza vipindi vya ualimu kwenye Redio Tanzania, na kupitia kazi zake mbele ya mwalimu mlezi, kabla ya kwenda chuoni kwa wiki chache za mwisho na kufanya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na miaka ya mwanzo ya 1980 vijana zaidi ya 45,000 waliandikishwa katika mpango huo, na karibu 38,000 kati yao walifuzu.

Watu hao waliitwa walimu wa UPE, kwa herufi za Kiingereza za mpango wenyewe, na kwa miaka mingi jina hilo lilibeba dharau, kana kwamba mtu aliyepata ualimu nje ya geti la chuo alikuwa amenyang'anya cheo kisicho chake. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Utafiti wa Mählck na Temu, uliochapishwa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, uliwalinganisha walimu waliosomea kazini na wale waliokaa vyuoni, na haukuona pengo kubwa ambalo wengi walilichukulia kuwa dhahiri. Anayetaka kujua sababu yake hana budi kuutazama mchana wa mwalimu huyo. Mwanafunzi wa chuo alijifunza kuandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja unaotaja lengo, hatua na zana, akiwa na darasa la kubuni kichwani, ilhali kijana wa UPE aliandika andalio usiku, akalitumia asubuhi mbele ya watoto hamsini au zaidi, na alasiri ileile akaeleza mbele ya wenzake ni wapi lilimshinda. Ni vigumu kuona shule ya ualimu iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe kuliko hiyo.

Hata hivyo, vyombo vilivyotumika vilikuwa dhaifu, na udhaifu huo uliumiza zaidi mikoa ya mbali. Betri za redio zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati bidhaa nyingi zilipotoweka madukani, na katika milima ya Uporoto na Livingstone mawimbi mafupi yalikuja na kupotea katikati ya kipindi. Masomo ya posta yalisafiri kwa basi na lori, na majibu yaliyosahihishwa yaliweza kumfikia mwalimu baada ya miezi, akiwa amekwisha kuisahau mada yenyewe. Karatasi nayo ilikuwa haba, hata Kiwanda cha Karatasi cha Mgololo wilayani Mufindi kilipoanza uzalishaji mwaka 1985. Pale ambapo kikundi cha walimu kilikuwa imara, mwenye kijitabu alikisoma kwa sauti na wengine wakanakili, na somo liliendelea bila redio; lakini pale ambapo mwalimu alibaki peke yake, hata redio yenye betri mpya haikumsaidia sana.

Vituo vya walimu, vilivyoenea miaka ya 1980 na hasa 1990 kwa fedha za serikali na za wafadhili kutoka nje, vilijaribu kuipa desturi hiyo paa na mlango. Kituo cha walimu ni jengo la chumba kimoja au viwili, kwa kawaida ndani ya uwanja wa shule ya msingi, lililokusudiwa kuhudumia shule za kata kadhaa, na lenye rafu za vitabu, meza ya kutengenezea zana na, kwenye vituo vyenye bahati, mashine ya kudurufu. Mashine hiyo inastahili kuelezwa kwa sababu kizazi kizima cha walimu wa Mbeya na Iringa kiliitegemea. Mtunzi wa mtihani alipachika stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, kwenye mashine ya taipu iliyoondolewa utepe, kila herufi ikatoboa nta, na herufi iliyokosewa ikazibwa kwa rangi maalumu iliyopakwa kwa brashi ndogo na kungojwa ikauke kabla ya kupigwa upya. Baada ya hapo stensili ilivishwa kwenye silinda yenye wino, mtu mmoja akazungusha mpini na mwingine akazipokea karatasi, vidole vya wote wawili vikiwa vyeusi hadi jioni.

Kazi kubwa ya mashine hizo ilikuwa mtihani wa ujirani mwema, yaani mtihani mmoja unaotungwa na walimu wa shule jirani, mara nyingi za kata moja, na kufanywa siku moja katika shule zote. Vitabu vya historia ya elimu havitaji sana mitihani hiyo, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo ushirikiano wa walimu ulipokuwa na mizizi mirefu kuliko mahali pengine popote. Ili kutunga maswali ya Hisabati kwa ajili ya darasa la saba, mwalimu wa shule moja alilazimika kuwaonyesha wenzake amefika wapi katika muhtasari, kukubali swali lake libadilishwe, kisha kusahihisha karatasi za watoto asiowajua huku zake zikisahihishwa na mwingine. Matokeo yalipobandikwa, shule zilijua ni mada gani iliyofundishwa vibaya katika kata nzima, na mwalimu aliyefanikiwa katika sehemu, yaani namba zisizo kamili, aliombwa awaeleze wenzake namna alivyozifundisha. Hakuna aliyeyaita hayo mafunzo kazini, na hayakulipiwa posho.

Kompyuta zilifika kwa njia tofauti, kutoka juu kwenda chini. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali, vikiwemo Klerruu mjini Iringa na Tukuyu wilayani Rungwe, viliunganishwa na TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, na mwaka 2007 wizara ilitoa sera ya matumizi yake katika elimu ya msingi. Mwezi Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia baharini, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukajengwa kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Kwa mwalimu wa shule ya msingi ya kata, mengi ya haya yalibaki kuwa habari za magazetini, kwani chuo kilipata maabara ya kompyuta lakini shule aliyopangiwa mhitimu wake ilikuwa haina umeme.

Kilichobadilisha hali hiyo ni simu ya mkononi, ambayo mwalimu aliinunua kwa mshahara wake mwenyewe. Kufikia miaka ya 2010 makundi ya WhatsApp ya walimu wa somo moja au wa kata moja yalikuwa yamechukua nafasi ya mashine ya kudurufu, na swali la ujirani mwema lililokuwa likisafiri kwa baiskeli likatumwa kama picha ya ukurasa wa daftari. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa zote tarehe 29 Juni, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, lakini katika mitaa mingi mazoezi yaliwafikia watoto kwa simu za wazazi kupitia makundi hayo. Gharama ya bando, yaani kifurushi cha intaneti, ilikuwa juu ya mwalimu, na suala hilo halijapewa uzito unaostahili katika maandishi ya kitaalamu.

Serikali iliipa desturi hii jina rasmi na mfumo kupitia MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mfumo huo una sehemu tatu zinazoshikana: jumuiya ya kujifunza ndani ya shule, ambamo walimu hujadili mada moja na kuangaliana wakifundisha, kituo cha walimu, ambacho majengo yake ya zamani yameanza kukarabatiwa, na mfumo wa kujifunzia mtandaoni, ambamo mwalimu huingia kwa namba yake na kusoma moduli. Mkoani Iringa jumuiya hizo zilikwisha kujulikana kupitia mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi kati ya mwaka 2016 na 2021 kuimarisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Baada ya sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi karibu 300,000, ambavyo sehemu yake kubwa ilitumika kuhesabia watu, viligawiwa kwa walimu na taasisi za elimu. Kwa mara ya kwanza, baada ya karne moja tangu Mambo Leo, dola ilimpa mwalimu wa kawaida chombo cha kusomea na kuandikia kinachobebeka mkononi.

Mwezi Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika katika elimu ya awali na katika darasa la kwanza na la tatu, na walimu wa madarasa hayo walilazimika kuielewa huku wakiifundisha, hali ambayo mwalimu wa UPE wa mwaka 1976 angeitambua mara moja. Muhtasari ulipatikana kwenye kishikwambi kwa dakika chache, ilhali zamani ungesubiriwa miezi kwa posta. Muda wa kuujadili, hata hivyo, bado hutafutwa pale ulipotafutwa tangu zamani, mchana baada ya watoto kuondoka, katika darasa lenye madawati yaliyosogezwa pamoja, na bando linalotumika humo bado, kwa sehemu kubwa, hununuliwa na mwalimu mwenyewe.